Hataki, Hautaki

Mtu aliyekatika uti wa mgongo alisimama, akatembea. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu katika Nyumba ya Viungo ya Makambako jambo hilo lilikuwa la kila asubuhi. Kichwani alivaa kofia nyembamba yenye nyaya za fedha, na kuanzia kiunoni hadi nyayoni alivaa miguu ya kuvaa, ya chuma chepesi. Kila alipotaka kupiga hatua, ubongo wake ulitoa mnong'ono wa nia. Kofia iliudaka mnong'ono huo kabla haujafika pale uti ulipokatika, ikaupeleka moja kwa moja kwenye chuma. Mtambo wenyewe uliitwa Kisikizi. Watu walisema kinasikia unachotaka hata kabla hujajua mwenyewe, na hawakuwa mbali na ukweli.

Aliyefuata alikuwa Tumwidike, mkwezi wa vinu vya upepo. Alikuja kwenye kiti cha magurudumu huku mama yake akimsukuma, ingawa kiti kile kingeweza kujiendesha. Mama huyo, Mwalimu Atupele, hakutaka kukisikia. Alikuwa amefundisha Kiswahili shule ya msingi hadi alipostaafu, na asubuhi ile kiti kilikuwa kimewasalimu kwa kusema, "Kiti yako iko tayari." Tangu hapo alikisukuma kwa mikono yake mwenyewe, kama anayemtoa mwanafunzi mtukutu darasani.

Tumwidike akavishwa kofia, akaambiwa ainue mguu wa kulia. Alitaka. Alitaka hadi jasho likamtoka kwenye paji la uso, na mguu ukabaki palepale kama gogo. Ukutani, mbele ya mabenchi yote ya wagonjwa na ndugu zao, Kisikizi kikaandika kwa herufi kubwa: NEVA NZIMA. MISULI MIZIMA. HATAKI.

Neno hilo halikuwa dogo. Aliyeandikiwa hataki alitolewa Nyumba ya Viungo siku hiyohiyo, na chama chake cha kazi kilimfuta kama mdanganyifu. Ilibaki saini ya daktari tu, na daktari alikuwa akitia saini kila jioni.

"Mama, mimi nataka," Tumwidike alisema. "Mguu ndio hautaki."

Mwalimu Atupele aliutazama ukuta. "Kimeandika hataki, mwanangu. Hakikuandika hautaki. Hiyo ni ngeli ya mtu, si ya mguu."

Alisema kwa sauti ya chini, kisha akageuza uso. Tumwidike alijua kinachopita kichwani mwa mama yake. Kulikuwa na Mwalimu Mgaya, waliyefundisha naye madarasa jirani miaka na miaka, wakagawana chaki na chai. Mkono wa Mgaya ulianza kutetemeka mpaka ukashindwa kushika kijiko, naye akaletwa hapa, akaandikiwa neno hilohilo. Mwalimu Atupele aliacha kupita kwake. Alisema mashine haina sababu ya kumsingizia mtu. Sasa neno lilikuwa limemwangukia binti yake, na Tumwidike alihisi uchungu mkubwa kuliko siku ile aliyoning'inia kinuni.

Siku hiyo ilikuwa hivi. Vinu vya Makambako, ambavyo wenyeji waliviita mapangaboi, vilioshwa na roboti, na roboti ikikwama huko juu, mtu hupanda kwenda kuikwamua. Roboti moja ilimponyoka Tumwidike, ikakata mkanda wake mmoja. Alibaki kaning'inia kwa mkanda wa pili, mguu wa kulia umekanyaga kidaraja chembamba, asithubutu kuusogeza mpaka wenzake walipofika. Alishuka bila mchubuko. Alikunywa chai, akataniwa, akacheka. Wiki chache baadaye mguu ukawa mzito, kisha siku moja akaamka ukawa si wake.

Daktari Lutengano Mlowe, aliyekibuni Kisikizi, aliwaita chumbani kwake kukamilisha shauri. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa ubaridi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefanikiwa mapema, na wa namna hiyo huchelewa kujikagua. Akaeleza kwa upole kwamba Kisikizi hakijawahi kukosea neva.

"Basi achana na neva," Tumwidike alisema. "Mimi nimekwea mapangaboi katika upepo ambao roboti zenyewe zimeukataa. Sina sababu ya kuogopa kutembea sakafuni. Nishike huo mguu mwenyewe, kwa mkono wako, kisha useme sitaki."

Tumwidike hakuomba, na pengine ndiyo sababu daktari aliinuka. Alimlaza kitandani, akaweka kiganja chini ya kisigino cha kulia, akamwambia aukandamize chini. Hakuna kitu. Kisha akakumbuka njia moja kongwe aliyoisoma akiwa mwanafunzi, kabla ya kofia na nyaya. Akamwambia asahau mguu wa kulia, ainue wa kushoto, akauzuia kwa mkono wa pili. Tumwidike akapambana kuinua wa kushoto. Na kile kisigino cha kulia, kilichokuwa kimekufa, kikakandamiza kiganja cha daktari kwa nguvu hata kikamuuma.

Daktari alirudia mara kadhaa. Kisha akavuta kiti akaketi, uso umembadilika.

Alimweleza kwamba ubongo haungoji habari, unabashiri. Mtu anayepanda ngazi gizani akidhani kimebaki kidaraja kimoja, huinua mguu na kukanyaga hewa, maana mwili umefuata ubashiri wala haukufuata ngazi. Ubongo wa Tumwidike ulikuwa umejifunza kule juu kwamba mguu huu usisogee. Si kila mgonjwa wa namna hii ana kisa cha hofu, alisema, lakini yeye alikuwa nacho. Ubashiri ule ulikwama. Na kila alipoukodolea mguu macho na kuulazimisha, aliupa ubashiri nguvu zaidi. Mguu ulipofanya kazi bila kutazamwa, ubashiri ulisinzia, na njia ikafunguka.

"Kwa hiyo najifanya bila kujua?" Tumwidike aliuliza.

"Hapana. Anayejifanya anajua. Wewe unaagiza, na agizo linazimwa kabla halijapata sauti. Kisikizi kikasikia kimya, nami nilikifundisha kwamba kimya maana yake ni hataki." Akautazama mguu ule. "Sikukifundisha neno jingine, dada. Sikudhani lipo."

Kisha akamwuliza wakwezi hushukaje. Kinyumenyume, alijibu, uso kwenye ngazi. Daktari akamsimamisha, akamshika mikono, akamwambia ashuke kinu, sakafuni hapohapo. Tumwidike akafumba macho, akauona mnara, akapeleka mguu nyuma. Ukaenda. Akapeleka wa pili. Akafika ukutani, akagonga mgongo, machozi yakamtoka.

Mwalimu Atupele alikuwa amesimama. "Kumbe unaweza," alisema polepole.

Maneno hayo yalitosha. Tumwidike akaelewa mtego aliokuwamo. Akibaki kitini ni mgonjwa, ingawa ukuta unamwita mwongo. Akitembea, hata wale waliomwamini watasema alikuwa akijifanya. Na daktari alihitaji atembee ukumbini, kofia kichwani, mbele ya watu wote, ili Kisikizi kisikie namna hii ya nia na kujifunza. Bila hivyo, neno lingebaki lilivyo, kwake na kwa watakaokuja.

"Unaweza kukataa," daktari alimwambia.

"Nimeshachoka kuambiwa nakataa," alisema Tumwidike. "Nileteeni kofia."

Ukumbi ulikuwa umejaa. HATAKI lilikuwa bado linang'aa ukutani. Tumwidike akasimama akishikilia kiti, akaupa mgongo upande wa pili wa ukumbi, akaanza kushuka kinu chake. Hatua za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha mtu kwenye benchi akasema, "Tazama, kumbe mzima huyo," na kicheko kidogo kikapita. Tumwidike akausikia mguu. Akautazama. Ukafa palepale, akayumba.

"Jikaze," mama yake akasema, kama alivyomwambia tangu utotoni, alipojikwaa, alipofiwa na baba, kila mara. "Jikaze, mwanangu."

Alijikaza, na mguu ukazidi kuwa jiwe.

"Mama, usiniambie nijikaze," alisema. "Nikijikaza ndiyo unakufa. Niulize kitu. Chochote."

Mwalimu Atupele alimtazama binti yake aliyekuwa akitetemeka katikati ya ukumbi. Mtu anayejifanya, aliwaza, angekuwa amekwisha kaa chini. Akatoka benchini, akaja akasimama mbele yake.

"Ufunguo," alisema.

Tumwidike akashtuka. "Funguo."

"Ulimi."

"Ndimi."

"Haraka. Ufa."

"Nyufa."

"Wembe."

"Nyembe," alisema, na ndipo alipotambua kwamba mama yake alikuwa akimfuata, na ukuta wa mbele ulikuwa ukienda mbali. Walivuka ukumbi hivyo, mmoja akienda mbele na mwingine kinyumenyume, uzi, nyuzi, waraka, nyaraka. Mara mbili alisahau mguu kabisa. Mara moja ulikwama tena, akacheka, ukaachia.

Walipofika mwisho wa ukumbi, Mwalimu Atupele aliinua macho. Kisikizi kilikuwa kikipepesa, herufi zikija na kupotea, kama mtoto aliyepewa swali ambalo hakufundishwa. Kisha kikaandika tena: HATAKI.

"Daktari," Mwalimu alisema, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha madarasa. "Umekosea pale. Huyu ni mtu, naye anataka. Mguu ndio ulikuwa hautaki. Weka u."

Lutengano alilifuta neno kwa mkono wake. Alipogeuka, alikuwa akiwatazama watu wa kwenye mabenchi, na Tumwidike alijua kwamba hakuwa akiwaona hao. Alikuwa akiwaona waliokwisha kutolewa kwa neno lile.

Haikuwa tiba ya siku moja. Mguu ungekwama tena nyumbani, na kesho yake, na angehitaji wiki nyingi za mazoezi. Tumwidike alilijua hilo, na halikumtisha. Walitoka nje kwenye upepo wa jioni, mapangaboi yakizunguka juu ya mji, kiti kitupu kikiwafuata chenyewe. Kwenye njia panda ya nyumbani mama yake hakukunja kona.

"Bado una nguvu?" aliuliza.

"Ninazo, Mama."

Wakaenda mtaa wa pili, Tumwidike kinyumenyume, mama akimwongoza kwa mikono. Mbele ya nyumba yenye pazia lililofungwa mchana kutwa, Mwalimu Atupele alisimama, akapangusa uso kwa upande wa kanga, akapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Akapiga tena.

"Mgaya," aliita. "Ni mimi, Atupele. Fungua. Nimekuja kusahihisha."