Sinema Aliyoiona Mara Mbili

"Sinema ya ovyo kabisa!" Fundi alisema huku wakishuka ngazi za ukumbi. "Wameharibu mchezo wa watu."

"Ya ovyo? Mimi nimelia."

"Umelilia nini sasa? Yule jamaa ndiye bingwa wa pool? Anashika fimbo kama anafagia uwanja! Na lile pigo la mwisho, mpira mweupe urudi nyuma vile wakati hata chaki hajapaka kwenye fimbo? Uongo mtupu."

Msusi alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Mchumba wake huyu, fundi wa friji, mwaka mzima alikuwa akimwambia hajawahi kushika fimbo ya pool, kwamba ule ni mchezo wa wasio na kazi.

"Mambo ya chaki umeyajulia wapi?"

"Aah... si kwenye simu. Video zimejaa."

"Mimi sijali chaki. Yule mke anayemngoja mumewe nje ya ukumbi wa pool na mtoto mgongoni, yule ni wa kweli. Kwa ajili yake tu, sinema ni nzuri."

"Pale wamejitahidi," Fundi alikubali haraka, akamshika mkono wavuke barabara.



Kesho yake, Kidoti alikuja saluni kusukwa. Huyu alikuwa shoga wa Msusi tangu darasa la kwanza, na ndiye aliyechaguliwa kumsimamia kwenye harusi, Jumamosi ijayo. Alijimwaga kitini akaanza maneno.

"Haya, niambie, shemeji alikupeleka wapi jana?"

"Sinema. Ile ya wacheza pool. Umeshaiona?"

"Wapi! Muda naupata wapi, shoga yangu? Duka zima la vitambaa linaniangalia mimi."

Msusi akaanza kumsimulia, mikono ikienda nywelani, mdomo ukienda kwenye hadithi. Alipofika kwa bingwa mwenyewe, Kidoti akadakia:

"Bingwa gani, anashika fimbo kama anafagia uwanja!"

Vidole vya Msusi vikaganda.

Akainua macho kwenye kioo. Kidoti naye alikuwa amebana midomo, kama mtu aliyekanyaga mwiba asitake kulia.

"Si umesema hujaiona?"

"Nimeona kipande tu. Kwenye simu."

"Kwenye simu," Msusi akarudia polepole.

Hakuuliza tena. Alimaliza kusuka, kila msuko umenyooka, maana kazi ni kazi. Alikumbuka jana, gizani, Fundi alivyompa leso kabla hata chozi halijamdondoka. Wakati ule aliona ni mapenzi.

Kidoti alipoaga, Msusi akachukua simu.

"Uko wapi mpenzi?" aliandika.

"Kwa mteja. Friji linavuja gesi. Nitachelewa kidogo."

Akafunga saluni, akamfuata Kidoti kwa mbali. Mwenzake hakwenda dukani. Alikata kona nyuma ya gereji, akaingia kwenye banda la bati lililokuwa na meza mbili za pool.

Msusi alisimama mlangoni. Kidoti alikuwa ameinama mezani. Fundi yuko nyuma yake, mikono mfukoni, anamwelekeza kwa mdomo tu.

"Kiwiko chini. Chini zaidi. Sasa piga, usiogope."

Mpira ukaingia shimoni. Wakacheka wote wawili, kicheko kirefu kilicholegea. Msusi alijaribu kukumbuka lini Fundi amewahi kucheka hivyo akiwa naye. Hakukumbuka.

"Friji limepona?"

Fimbo ikamponyoka Kidoti, ikagonga sakafu.

"Mama, sikia, tunacheza tu!" Fundi alisema. "Naapa, hakuna kitu!"

"Ile sinema mliiona lini?"

Fundi akainama kuokota fimbo.

"Nauliza. Lini?"

"Wiki iliyopita," Kidoti akajibu, macho chini. "Tulikuwa tunaubishania mchezo, tukaenda kuangalia. Basi."

"Kwa hiyo jana, Fundi, ulikaa pembeni yangu unajua nitalia wapi. Leso ukaiandaa kabisa."

"Nilikuficha pool kwa sababu uliwahi kusema wanaocheza ni wahuni..."

"Pool ningekusamehe leo hii hii, hapa hapa. Nijibu moja tu. Unampenda?"

Fundi akafungua mdomo. Akamtazama Msusi. Kisha macho yakamtoroka, yakaenda kwa Kidoti kidogo tu, yakarudi. Kidoti akaanza kulia.

Msusi alimpigia simu palepale shangazi yake Fundi, aliyekuwa akiandaa harusi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu! Maandalizi yanaendaje?"

"Shangazi, ya Jumamosi hayapo tena."

"Mungu wangu! Kuna nini? Fundi anaumwa?"

"Haumwi, mzima wa afya. Nakupa umsikie." Akamkabidhi Fundi simu. "Mweleze shangazi yako mwenyewe. Mimi sitakuchagulia maneno."

Fundi alieleza kwa kigugumizi, Msusi akisimama pale hadi neno la mwisho. Kisha akachukua simu yake, akatoka.

Ujumbe wa Fundi ulimkuta nyumbani, ameketi kitandani na viatu miguuni.

"Nisamehe. Wallahi, mimi na yeye hatujawahi hata kushikana mikono."

Aliusoma, akaufunga, akaufungua tena. Machozi yakamshuka, akaandika akiwa haoni vizuri.

"Ndiyo maana inauma. Mngeshikana mikono ningesema ni tamaa, ingepita. Nenda ukamshike sasa. Mimi usinitafute."

Akatuma. Akavua kiatu kimoja, kisha cha pili, akajilaza.