Krisanthemu za Bibi Alida

Kila asubuhi Godelieve hufungua duka lake la maua mkabala na makaburi ya kijiji. Humwaga maji ya jana, hukata mashina, huandika majina ya maua ubaoni. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini. Mumewe, Wannes, ndiye aliyekuwa akiyapanda, mpaka mgongo ulipomshinda.

Mwaka huu aliagiza kitu kipya: krisanthemu bandia, na waridi kidogo, kutoka China. Wakazi wa nyumba ya wazee walimwomba maua ya kudumu ya kuweka makaburini Siku ya Watakatifu Wote, maana wenyewe hawana miguu ya kwenda kuyabadilisha.

"Mwaka jana mume wangu alikaa na chungu kitupu," Bibi Alida, mmoja wao, alimwambia, akimshika mkono. "Safari hii usiniangushe." Godelieve akaahidi.

Zikiwa zimebaki siku tisa, barua ikaja kutoka bandarini. Kontena limezuiwa. Forodha wanataka cheti cha afya ya mimea.

"Afya ya vitambaa?" Wannes alicheka mpaka akashika mgongo. "Nilikwambia, ua lisilonyauka ni nuksi."

"Cheka umalize, kisha nipe koti langu."

Alikuwa na hasira, na aibu zaidi ya hasira. Lakini ahadi ilikuwa palepale. Akaenda nyumba ya pili kwa Firmin, jirani aliyefanya kazi forodhani mpaka akastaafu.

Firmin alimmiminia kahawa, akasoma karatasi. "Nani alijaza tamko hili la forodha?"

"Mimi."

"Umeandika 'krisanthemu zilizokatwa', na namba ya maua mabichi."

"Ndivyo ninavyoandika siku zote. Krisanthemu ni krisanthemu."

"Dukani kwako, sawa. Forodhani kila bidhaa ina namba, na namba ndiyo inayoamua ushuru na vyeti. Hawaanzi na jina, wanaanza na kitu chenyewe. Una sampuli?"

Alitoa maua mawili aliyotumiwa na muuzaji. Firmin akachukua krisanthemu, akaichomoa petali bila huruma. Godelieve akafumba macho.

"Usinune, tazama. Petali za kitambaa, zimechomekwa kwenye shina la plastiki. Vipande vimechomekwa na kugundishwa, kwa hiyo ni ua bandia, na maua bandia yana namba yao. Tena petali ndizo zinazolipatia ua sura, basi andika kitambaa, si plastiki." Akamsogezea la pili, waridi dogo jeupe. "Hili vuta wewe."

Godelieve alivuta, akapinda, akavuta tena. Hakuna kilichotoka.

"Limemiminwa kipande kimoja," alisema polepole. "Basi haliendi na mwenzake."

"Haliendi. Hilo linahesabiwa kama bidhaa ya plastiki tu. Lipe mstari wake kwenye tamko."

"Na kosa langu je?"

"Usilifiche. Waandikie leo kwamba ulikosea, uulize namna ya kurekebisha. Weka picha za maua yaliyochanwa, na barua ya muuzaji inayotaja yametengenezwa kwa nini. Mwakani omba uamuzi wao wa namba kwa maandishi kabla hujaagiza."

Godelieve aliandika barua ile mara tatu. Wannes, bila kuombwa, alishika maua yakapigwa picha. Siku ya nne ofisa akapiga simu.

"Hizi petali zimeshikwa na nini, mama?"

"Zimechomekwa, zikatiwa gundi. Ila waridi ni kipande kimoja, nimelitenga." Hakutazama karatasi hata kidogo.

Maofisa walifungua maboksi, wakakuta ni kama alivyoandika. Tamko likarekebishwa, na kontena likatoka siku mbili kabla ya sikukuu.

Siku ya Watakatifu Wote Wannes mwenyewe alisukuma kiti cha Bibi Alida hadi kaburini. Bibi akazigusa petali za njano, akazivuta kidogo. Hazikutoka.

"Zitafika Pasaka?"

"Zitafika," Godelieve alisema.

Bibi Alida akaegemea mbele kuelekea jiwe. "Umesikia?" alimwambia mumewe. "Mpaka Pasaka."