Unaumwa Wapi, Mpenzi

Gari la mikate lilitetemeka upande mmoja tu. Usukani ulitulia, kiti cha dereva kilitulia, lakini kiti cha abiria, ambacho hakikuwa na mtu, kilicheza mpaka mkanda wake ukawa unagonga mlango.

Dereva alimweleza mkewe, na mkewe akaguna. Ndiye aliyekuwa fundi. Mtaa mzima ulimwita Spana, na gari likiingia getini kwake, kabla halijazimwa, alikuwa ameshajua nusu ya ugonjwa. Usukani ukitetemeka, tatizo ni magurudumu ya mbele. Viti vikitetemeka, ni ya nyuma, au propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma. Likitetemeka ukikanyaga breki, diski zimepinda. Kiti kimoja peke yake hakikuwamo katika hesabu zake.

Alianza na yaliyo rahisi. Akabalansi magurudumu, akabadilisha raba zinazoshikilia injini, akakifungua kiti chenyewe na kukifunga upya. Kwenye barabara za mtaani gari lilikwenda vizuri. Likishafika barabara kuu na kushika mwendo, kiti kilianza tena. Dereva akawa anarudi nyumbani bega la kushoto limeinama. Siku aliyojisahau akavua shati mbele ya mkewe, Spana aliona alama nyeusi juu ya kiwiko: vidole vinne na dole gumba, vya mkono uliomshika kutokea upande wa abiria.

"Nani kakushika hivi?"

"Hakuna mtu," mumewe alisema. "Ndiyo maana sikukwambia."

Alimweleza yaliyobaki akiwa amempa mgongo. Siku hiyo mkono ule ulikuwa umemvuta kuelekea lori lililokuwa linakuja, na aliukwepa kwa kuingia mtaroni. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa amemcheka: mtu mwenye mke fundi analalamika gari bovu? Spana hakucheka. Alisema gari halitoki tena mpaka aone kinacholisumbua.

Mchana uliofuata walilipandisha kwenye stendi za chuma ili magurudumu ya nyuma yazunguke hewani. Dereva alikaa ndani akikanyaga mafuta. Spana alilala chini na bisibisi ndefu, ncha ameigusisha kwenye chuma, mpini ameubana sikioni. Ndivyo mafundi wanavyoisikiliza beringi inayokufa. Giaboksi ilivuma vizuri. Nyuma kulivuma vizuri. Katikati ya propela, kitu kilikuwa kinapumua.

Akadhani ni grisi iliyokauka. Akafanya alichofanya siku zote gari likimficha ugonjwa: akalibembeleza.

"Njoo, mpenzi," alisema. "Njoo kwangu. Unaumwa wapi?"

Huko juu mumewe alicheka. "Mimi naumwa mwezi wa pili huu, hata pole sijapewa. Gari limepandishwa leo tu, limekuwa mpenzi."

Kupumua kulikoma. Sakafu ya gari ililia juu ya uso wa Spana, kama mtu mzito anahama kiti, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka mpaka alipolala. Kicheko cha mumewe kilikatika katikati.

Walipolijaribu barabarani, gari lilikwenda kama limetoka dukani. Spana aliendesha kwa mwendo ambao hajawahi kuuthubutu, na kiti cha abiria, mumewe akiwa juu yake, hakikusogea. Alifurahi, akaongea njia nzima. Alipofika getini ndipo alipogundua kwamba alikuwa akiongea peke yake.

Jioni ile mumewe alitembea taratibu kutoka mlangoni hadi mezani na alikuwa mzima. Alipoharakisha kwenda kunawa mikono, alianza kutetemeka. Kadiri alivyoongeza hatua ndivyo alivyotetemeka, meno yakigongana, na Spana alipomwambia asimame akageuka akamtazama kwa macho ambayo hayakuwa na haja naye kama mke, akaukamata mlango wa jikoni akaung'oa na bawaba zake, akamrushia, akamfuata, akampiga ngumi ya shavu iliyomtoa jino, kisha akamwacha ghafla na kuugeukia ukuta, akaupiga kwa kichwa, akarudi nyuma, akaupiga tena, huku kooni mwake kukitoka mvumo wa injini inayopandishiwa mafuta, na damu ikawa inamtiririka mpaka kifuani, naye haachi, mpaka majirani walipoingia na kumlalia, na hata walipomlalia aliwatikisa kama magunia matupu.

Walimfunga kwa kamba ya kuvutia magari kwenye nguzo ya gereji. Mtu akaenda kumwita shangazi yake Spana, mama mfupi aliyekuwa akitibu watu wenye majini na asiyependa kuongea kwa sauti. Shangazi aliweka kiganja mbavuni mwa mgonjwa, akahesabu zilizovunjika, akawatoa majirani wote nje.

"Huyu jini ulimwita kwa neno gani?" alimuuliza Spana.

"Nilimwambia njoo."

"Njoo tu?"

"Njoo kwangu. Nikamwita mpenzi. Nikamuuliza anaumwa wapi." Spana alikuwa akinong'ona, kitambaa mdomoni. "Shangazi, nilikuwa naongea na gari."

Shangazi akafumba macho. "Kiumbe amefukuzwa kila alikopita. Wewe ndiye wa kwanza kumpa pole. Unadhani mimi nitamtoa kwa kumfokea?"

Akamweleza kwa ufupi. Jini lilikuwa limemtaka yeye, Spana, lakini chuma kilikuwa katikati, likachukua mwili uliokuwa karibu. Likikaa humo mpaka asubuhi, mbavu zilizobaki zingeingia mapafuni. Lingetoka kwa sauti iliyoliita tu, na lazima lipate pa kuingia.

"Mkono gani ulishika bisibisi?"

"Wa kulia."

"Basi huo ndio anaoujua. Ndio unaokula nao chakula, ndio wa kazi, najua. Nisingekuomba kama kungekuwa na mwingine."

Spana alimtazama mumewe. Ubavu mmoja ulikuwa tayari umechomoza chini ya ngozi. Akakunja mkono wa shati.

Shangazi alimfunga juu ya kiwiko kwa mpira wa tyubu, akakaza mpaka vidole vikawa vyeusi, ili kitakachoingia kisipande. Spana akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe.

"Njoo, mpenzi," alisema. "Njoo kwangu."

Kilikuja. Mumewe alilegea kwenye kamba kama nguo, na mkono wa kulia wa Spana ukainuka wenyewe, ukamshika Shangazi koo na kumning'iniza, miguu ikipiga hewa, naye Spana akaung'ata mkono ule, akauvuta kwa wa kushoto, ukamwachia bibi wa watu na kumrukia yeye, ukamchimba jicho, ukaukamata ulimi wake, na wakaanguka naye juu ya makopo ya oili, yeye na mkono wake, akajiburuta kwa magoti hadi meza ya kazi, hadi kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la chuma la kubania vitu visicheze, akausukuma mkono katikati ya taya zake, akalala juu ya kiwiko kwa uzito wake wote na kuanza kuzungusha mpini.

Mkono ulilia. Ulilia kwa sauti ya mumewe, ukamwita mke wangu, ukamuuliza kosa lake nini. Alizungusha. Mfupa wa kwanza ulikatika, kisha mingine kwa pamoja. Ukaomba kwa sauti ya Spana mwenyewe, ile aliyoitumia chini ya gari: unaumwa wapi, mpenzi? Alizungusha. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa gereji, ikapita kwenye vidole, ikapita chini ya mlango, na nje majirani wakasikika wakikimbia.

Penye nguzo mumewe alikohoa, akavuta pumzi, akaomba maji.

"Basi, mwanangu," Shangazi alisema, ameshika koo lake. "Ametoka. Legeza."

Spana aliutazama mkono, au kilichokuwa mkono. Hakikusogea kitu. Akaushika mpini kwa mkono uliobaki, na kama fundi yeyote ambaye ameshasikia kwamba nati imekaza, akaongeza kidogo.