Ukurasa Mmoja Ulimtosha Hakimu

Hakimu mstaafu Pednekar alikutwa kitandani, mto umemfunika uso, saa nane mchana siku ya Jumapili, katika nyumba ya mwanawe huko Annandale, ughaibuni. Aliyemkuta ni Chepkoech, mlezi wake, ndiyo kwanza anatoka kanisani. Alipiga ukelele mpaka majirani wakafungua milango.

Inspekta Leonard Kipkemboi wa polisi wa kaunti, mhamiaji kama Chepkoech, aliinua kope za marehemu. Vidoa vya damu vilitapakaa kwenye weupe wa macho. Kuzibwa pumzi, hilo halina ubishi. Lakini macho yale, yaliyopofuka miaka mitano nyuma, yalimkodolea kama yanamwona, na Inspekta akayafumba upesi. Aliogopa, basi.

Chumba kilikuwa vurugu tupu. Droo zimemwagwa, nguo chini, rafu ya vitabu imelala kifudifudi. Saa ya dhahabu ya mzee haikuwepo.

"Afande, mtasema ni mimi," Chepkoech alilia. "Niko na watoto wawili Eldoret. Nikifungwa huku, watabaki na nani?"

"Tulia, dada. Ulimwacha na nani?"

"Na Hemant, yule Mhindi aliyekulia Dar. Huja kila Jumapili kumsomea mzee kitabu. Sasa ni miezi minne."

"Kitabu gani?"

"Sijui. Mzee akisomewa, analia. Halafu akisinzia anaita mtu. Vaidya! Vaidya! Nywele zinanisimama, afande."

Kipkemboi akaitazama sakafu tena. Rafu imeangushwa, sawa. Vitabu je? Vyote vilikuwa juu ya meza, vimepangwa vizuri, migongo upande mmoja. Jamani, mwizi gani huyu, anapindua nyumba halafu anapanga vitabu?

Kesho yake asubuhi Hemant aliletwa kituoni. Mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, suti imepigwa pasi. Inspekta alisoma leseni yake ya gari: Hemant Vaidya. Jina lile lile aliloliita mzee usingizini.

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa sita. Mzee alikuwa amelala."

"Rafu?"

"Imesimama."

Kipkemboi akakisukuma kitabu cha simu kwa kiwiko. Kikaanguka. Papo hapo Hemant aliinama, akakiokota, akakigusisha kwenye paji la uso na kukirudisha mezani. Kisha akatambua alichofanya. Mkono ukabaki hewani.

"Hukuweza kuviacha vile vitabu sakafuni," Inspekta alisema. "Hata maiti ikiwa pale kitandani."

"Kwetu kitabu hakikanyagwi. Nimelelewa dukani. Mwacheni dada Chepkoech. Saa iko kwenye gari langu."

"Kwa nini ulimuua?"

"Baba aliuza vitabu Bombay. Mwaka 1971 polisi walichukua dukani riwaya moja ya Kiingereza. Wakapiga mstari mwekundu kwenye ukurasa mmoja, mwanamke anaoga mtoni. Basi! Kifungu cha 292 cha sheria ya jinai, maandishi machafu. Wakili aliomba kitabu kisomwe chote. Hakimu Pednekar akasema hakuna haja. Ukurasa mmoja unatosha, kama unaweza kumpotosha yeyote utakayemwangukia mikononi. Baba akajitetea kwamba hajui kilichomo. Akaambiwa kutojua si utetezi. Alifungwa miezi sita. Mwezi wa nne wa kifungo tuliletewa maiti, na mimi nikapelekwa Dar kwa mjomba."

"Kwa hiyo ulikuja kulipiza kisasi."

"La! Nilikuja kumsomea. Nilitaka asikie kitabu kizima, ajue alichokihukumu. Angesema tu 'nilikosea', ningekwenda zangu. Alivyokuwa akilia, nilimwonea hata huruma."

"Kisha?"

"Jana tukafika ukurasa wa mwisho. Nikafungua mdomo. Yeye akautamka kabla yangu. Neno kwa neno, Inspekta, kwa ghibu! Alikuwa amekisoma chote, wakati ule ule wa kesi. Akaniambia hajapata kusoma kitabu kizuri kama kile."

Kalamu ya Kipkemboi ilisimama.

"Nikamuuliza, sasa mbona ulimfunga baba yangu? Akanijibu, 'Niliulizwa kuhusu ukurasa mmoja.' Sikumbuki nilivyoushika mto."

Inspekta alitamani kuacha, lakini swali lilimtoka lenyewe.

"Na baba yako, yeye alikionaje kitabu?"

Hemant alicheka, machozi yakimdondoka kwenye suti.

"Baba? Baba hakujua Kiingereza, Inspekta. Hakusoma hata neno moja."