Sauti ya Kiti cha Kumi na Nne

Malimpho alikuwa mtu wa mapema. Jogoo wa jirani alipowika, yeye alikuwa ameshawasha jiko la mafuta ya taa. Baridi ya Juni hapa Maseru, mji mkuu wa Lesotho, haina huruma. Maji ya ndoo huganda juu kama kioo. Alichemsha uji mchachu wa mtama, akamwamsha binti yake Limpho, akajitupia blanketi mabegani. Alilibana kifuani kwa pini kubwa, akashika njia ya kiwandani.

Kiwanda kilishona suruali za jinzi za kupelekwa ng'ambo. Malimpho alikaa laini ya saba, kiti cha kumi na tatu. Kazi yake ilikuwa mifuko. Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, sukuma mbele. Ubavuni pake, kiti cha kumi na nne, alikaa Moliehi. Miaka kumi na moja walikaa hivyo, bega kwa bega. Kila mmoja aliijua hata chafya ya mwenzake.

Moliehi alikuwa na tabia moja. Akishona, aliimba kwa mdomo uliofumbwa. Mmm, mmm-mm, mmm. Wimbo wenyewe ulikuwa mmoja tu, ule aliowabembelezea wanawe.

"Dada, huna wimbo mwingine?" Malimpho alimtania. "Hata cherehani imeuchoka huu."

"Ziba masikio," Moliehi alimjibu. "Nikifa utautafuta."

Ulikuwa mzaha. Lakini maneno mengine yana masikio.

Jumapili moja ya Mei, Moliehi alibanwa na kifua. Jumatano akafa. Maziko yakapangwa Jumamosi, kijijini kwao milimani. Jumamosi hiyo kulikuwa na ovataimu, maana mzigo wa ng'ambo ulikuwa umechelewa. Ntate, yaani Baba, Khoabane, msimamizi wa laini ya saba, alisema hakuna ruhusa kwa mtu yeyote. Basi hakwenda hata mmoja. Hakuna aliyetupa udongo kaburini. Hakuna aliyenawa langoni kwa maji ya mshubiri, kama wafanyavyo watu wakitoka kuzika, ili kifo kisiwafuate nyumbani.

Mdogo wake Moliehi alimletea Malimpho kipande cha kitambaa cheusi cha matanga. Jumatatu Malimpho alikibana kifuani, akaketi kushona.

"Toa hicho," alisema Ntate Khoabane. "Kikinaswa na cherehani je?"

"Ntate, ni cha Moliehi."

"Najua ni cha nani. Hapa ni kiwandani, si matangani. Machozi mwachie mlinzi getini, utayachukua jioni."

Wawili watatu walicheka, kicheko cha woga. Malimpho hakulia. Alikibandua kile kitambaa. Koo lilimkaza kama mtu aliyemeza mfupa. Suruali zilikuwa zikirundikana mbele yake. Katika haraka ile na hasira ile, kitambaa kikamponyoka, kikaangukia juu ya mfuko, mguu ukakanyaga pedeli. Trrrr! Aliposhtuka, kilikuwa kimeshashonwa ndani, na mwenzake wa mbele ameshaivuta suruali.

Malimpho akanyanyuka kuifuata.

"Kaa chini!" Ntate Khoabane akafoka.

Akakaa. Jioni suruali zikafungwa kwenye maboksi. Hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba amemshona marehemu mfukoni, na sasa anampeleka ng'ambo kwa watu asiowajua?

Siku ya tatu ndipo alipousikia ule wimbo. Mmm, mmm-mm, mmm.

Alisimamisha cherehani. Akabana pumzi asikilize vizuri. Sauti ikanyamaza. Akakanyaga tena, na baada ya kitambo sauti ikarudi. Alikitazama kiti cha kumi na nne. Kilikuwa kitupu.

Wiki hiyo hiyo kilipata mtu. Aliletwa msichana wa miaka kumi na tisa, jina lake Selloane. Siku ya kwanza sindano tatu zilimvunjikia. Ya nne ikamchoma kidole. Siku ya pili alimgeukia Malimpho, macho yamemtoka.

"Mama, nani anaimba?"

"Hakuna anayeimba. Shona."

"Mimi nasikia, mama. Hapa, karibu kabisa na sikio."

"Nimesema shona!"

Saa ya chakula watu walinong'ona. "Kiti kile kina mwenyewe," alisema mmoja. "Hatukunawa, ndiyo maana," akadakia mwingine. Lakini king'ora kilipolia kila mtu alifumba mdomo, akarudi mahali pake. Nani aseme? Anayelia kazini huitwa mvivu. Anayelalamika huitwa mchochezi. Wakapita mbali na kiti kile, kama mtu apitavyo mbali na shimo.

Jioni moja Malimpho alikuwa anasonga ugali. Limpho, mwenye miaka saba, alikuwa ameketi karibu na jiko.

"Mama, yule mtu anaimba tena."

"Mtu gani?"

"Yule unayekuja naye."

Nywele zilimsisimka Malimpho. Aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa. Kwa hofu alimchapa mtoto kofi, yeye ambaye hajawahi kumgusa hata kwa ukuti. Limpho hakulia. Alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mgeni. Toka siku hiyo mtoto alikula amekaa karibu na mlango.

Wazazi, hapo ndipo pa kuogopa. Huzuni iliyokatazwa kiwandani haibaki kiwandani. Inakuja nyumbani kwa miguu yako mwenyewe.

Malimpho alizidi kuwa mkali. Alipata barua ya kwanza ya onyo kwa kuacha cherehani na kwenda kupekua maboksi ya stoo. Alipata ya pili siku aliyomtupia Selloane mkasi mezani na kumwita mchawi mbele ya watu.

"Ya tatu ndiyo lango," Ntate Khoabane alimwambia. "Unanielewa, mama?"

Alimwelewa. Baba yake Limpho alifia migodini. Bila kiti cha kumi na tatu hakuna uji, hakuna shule. Kwa hiyo akaamua kunyamaza zaidi. Na jinsi alivyozidi kunyamaza, ndivyo sauti ile ilivyozidi kupanda.

Alhamisi moja, saa nane mchana, mbingu ilikuwa ya kijivu kwa theluji iliyokaribia. Selloane alisimama ghafla. Akaziba masikio, akapiga ukelele. Mwanamke wa nyuma yake akapiga wa pili. Kisha laini nzima. Sita wakaanguka chini, mmoja akitetemeka kama aliyenyeshewa.

"Zima! Zima!" mtu alipiga kelele.

Fundi akazima umeme. Cherehani mia mbili zikanyamaza kwa pamoja. Waliokuwa wakilia nao wakanyamaza, maana katika ukimya ule sauti ilibaki.

Mmm, mmm-mm, mmm.

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine. Vyote vikamtazama Malimpho. Naye akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Nesi Puseletso wa zahanati ya kiwanda alifika. Kwanza aliwalaza kwa ubavu wale walioanguka, akawafungulia vifungo vya shingoni wapate hewa. Kisha akaja kiti cha kumi na tatu. Alichukua mkono wa Malimpho, akauweka kooni mwa Malimpho mwenyewe.

"Unasikia nini, mama?"

Chini ya vidole koo lilikuwa likitetemeka, taratibu, kama paka aliyelala.

"Ni wewe," nesi alisema kwa upole. "Wewe ndiye unayeimba."

Huko zahanati Malimpho alilia. Alilia mpaka blanketi likalowa. Akaeleza yote: maziko, kitambaa, mfuko, maboksi, kofi la mtoto, mkasi, barua mbili. Nesi alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nimerogwa?" Malimpho akauliza.

"Hujarogwa. Umemeza. Mwenzako wa miaka kumi na moja amekufa, na hukupewa hata dakika moja ya kumlilia. Ulichokimeza mdomo, mwili umekitafutia mlango mwingine."

"Na wale walioanguka, nao je?"

"Nao walimpoteza Moliehi. Nao walimeza. Hofu huambukiza kama mwayo. Mmoja akianza, wengine wanafuata bila kupenda. Niambie, cherehani yako uzi ukikazwa mno unakuwaje?"

"Unakatika. Au unavunja sindano."

"Unafanyaje?"

"Kuna skrubu ndogo. Nailegeza kidogo."

"Huing'oi?"

Malimpho alicheka katikati ya machozi. "Nikiing'oa uzi utakuwa tambi, nesi!"

"Basi na moyo ni hivyo hivyo. Kunyamaza kabisa ni kuukaza. Kutupa mkasi ni kuing'oa skrubu. Sisi tunataka kulegeza kidogo. Ukiona mikono inatetemeka, toa mguu kwenye pedeli. Vuta pumzi taratibu, mara tatu. Jiulize hiki ni nini, ni huzuni, ni hasira au ni hofu? Ukishalijua jina lake, mwendee anayehusika, yeye mwenyewe, siyo mtoto nyumbani wala msichana wa kiti cha jirani. Mwambie kilichotokea, kilivyokuumiza, na unachoomba. Kwa sauti ya chini, bila tusi. Na machozi yakija, omba dakika tano uende ukalie. Kulia siyo kosa."

"Nikisema atanifukuza."

"Huenda akakataa, siwezi kukudanganya. Lakini zile barua mbili, ulizipata kwa kusema au kwa kunyamaza?"

Malimpho alijifuta macho kwa kiganja.

Mlango ukafunguliwa. Ntate Khoabane alisimama pale, karatasi mkononi. Malimpho aliitambua hata kabla ya kuisoma. Ilikuwa ya tatu.

"Laini imesimama dakika arobaini," alisema. "Mama, mimi nitawaambia nini walio juu yangu?"

Malimpho alikumbuka ile skrubu. Alivuta pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Alijiuliza, hiki ni nini? Ni hofu. Na chini ya hofu kuna huzuni.

"Ntate, naomba unisikilize mpaka mwisho. Moliehi alipokufa hatukumzika, na hapa hakuna aliyelitaja jina lake. Uliponiambia machozi nimwachie mlinzi, niliumia sana. Niliumia, nikanyamaza, halafu nikamtupia mkasi mtoto wa watu asiye na kosa. Hilo ni kosa langu, nitamwomba radhi. Naomba kitu kimoja. Turuhusu tunawe."

Ntate Khoabane alitazama dirishani. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka.

"Kiti kile," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo hawakuijua, "hata mimi napita mbali nacho." Akaikunja barua, akaitia mfukoni. "Hii sijaitia sahihi. Jumatatu, dakika kumi. Zikizidi..."

"Hazitazidi, ntate."

Jumatatu waliweka beseni langoni, mshubiri umekatwakatwa ndani yake. Maji yalikuwa baridi hadi mifupani. Wanawake wa laini ya saba walinawa mmoja mmoja, na kila mmoja alilitaja jina la Moliehi kwa sauti. Wa mwisho kunawa alikuwa Ntate Khoabane. Malimpho alifunga kitambaa kipya cheusi kwenye mguu wa kiti cha kumi na nne, chini kabisa, mbali na sindano. Kisha akamshika Selloane mikono yote miwili.

"Mwanangu, nilikuita mchawi. Nisamehe. Nilikuwa na uchungu, nikakutwika wewe mzigo usio wako."

"Nimekusamehe, mama. Ila mkasi ule ulinipita karibu!"

"Najua. Hata mimi niliogopa."

Tangu hapo laini ya saba ina dakika tano kila Jumatatu kabla ya king'ora. Mwenye mzigo anausema. Wengine wanasikiliza, hakuna kucheka. Sindano zinavunjika kama zinavyovunjika popote. Barua ya tatu haikuja. Malimpho yupo kiti chake, na ada ya Limpho inalipwa. Alimwomba radhi mtoto pia, akamweleza kuwa rafiki yake amekufa na yeye amehuzunika. Siku ile Limpho alisogeza sahani yake kutoka mlangoni, akaja kukaa karibu na jiko.

Lakini kuna neno moja Selloane alilisema wiki chache baadaye, wakati wa kutoka. Umeme ulikuwa umezimwa. Watu walikuwa wanafunga mablanketi yao.

"Mama, siku ile nesi alipokupeleka zahanati, sisi tulibaki hapa."

"Ndiyo."

"Cherehani zilikuwa zimezimwa. Wewe hukuwepo." Selloane akashusha sauti. "Na bado tuliusikia wimbo."

Malimpho alisimama, pini mkononi. Aliwatazama wanawake wa laini ya saba, arobaini kasoro mmoja, waliokaa wiki zote zile midomo imefumbwa.

"Ulijigusa koo?" akamuuliza.

Selloane akatikisa kichwa. Hakuwa amejigusa. Wala hakuna aliyejigusa.

Nawe unayesoma, kama kazini kwako kuna jambo umelimeza na siku zinapita, ngoja nyumba itulie. Kisha weka mkono hapo kooni, usikilize.