Kuku Kumi na Wawili wa Mwalimu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi Mkaguzi alikuwa amekaa kitandani akitafuta kiatu cha kushoto, mara mlango ukagongwa kwa ngumi. Aliijua ngumi ile. Ilikuwa ya Mwalimu wa nyumba ya pili, na kwa miaka miwili haikuwahi kumletea habari njema.

"Shikamoo, mzee. Njoo uone kazi ya yule jini wa jirani. Wote! Hajabakiza hata mmoja."

"Marahaba. Wote kina nani?"

"Kuku wangu!"

Mkaguzi akaachana na kiatu, akavaa ndala. Alikuwa amekagua nyama machinjioni miaka thelathini, akastaafu akidhani amemalizana na mizoga. Watu wa mtaa wakamfanya katibu wa kamati, eti kwa sababu anajua kuandika na hana mke wa kumkataza. Tangu hapo daftari lake lilikuwa limejaa malalamiko ya nyumba tatu tu. Mwalimu alifuga kuku. Mzee Lindo, mlinzi mstaafu, alifuga mbwa aliyemwita Jemadari. Mwokaji, dada aliyekanda mikate usiku kucha, alitaka kulala asubuhi. Jogoo akiwika, mbwa anajibu. Mbwa akibweka, Mwokaji anagonga sufuria dirishani. Sufuria ikigongwa, anaitwa Mkaguzi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kukanyaga ua wa mwenzake.

Uani kwa Mwalimu mizoga ilikuwa imetapakaa chini ya ukuta, karibu na tundu lenye upana wa karai lililoelekea kwa Mzee Lindo: jogoo mmoja, mitetea kumi na mmoja. Shingo zilikuwa zimeraruliwa. Mlango wa banda ulikuwa wazi. Mume wa Mwalimu, mtengeneza saa aliyezoeleka kwa jina la Fundi Saa, alisimama karibu na bomba, mikono mfukoni, macho chini.

"Bwana mifugo nimeshampigia," Mwalimu alisema. "Saa nne gari linakuja kumchukua huyo mbwa. Na akipanda, harudi."

"Ungeningoja kwanza."

"Nimekungoja miaka miwili, mzee wangu! Umeandika, umeandika, mpaka kalamu imeisha wino. Leo nani ananirudishia kuku?"

Mkaguzi alizunguka upande wa barabarani, akabisha hodi kwa Mzee Lindo.

Mzee Lindo alikuwa ameshasikia kila kitu. Ukuta ule haukuzuia hata kikohozi. Alikaa kwenye kigoda, mkono mmoja shingoni mwa mbwa. Macho ya mzee yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe.

"Mwenzangu, jana nilimfungia chumbani kwangu tangu saa mbili," alisema. "Nilimfungua ulipoanza msiba wa kuku."

"Nani alikuona ukimfungia?"

"Mimi mwenyewe sijioni, wewe unaniuliza nani aliniona!" Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. "Huyu ndiye ananipeleka dukani. Ndiye anasimama nikifika kwenye mtaro. Wakimchukua, nitolee kabisa na kitanda changu nje, nilale nisubiri."

Mkaguzi alimfunua mbwa midomo. Hakuona unyoya, hakuona damu. Lakini mbwa ana ulimi, hujisafisha, na Mwalimu angelisema hilo kabla yeye hajafungua mdomo. Saa moja na dakika ishirini. Akavuka kwa Mwokaji, ambaye wiki iliyopita aliapa mbele ya mtaa mzima kwamba atamnyonga yule jogoo.

Mwokaji alifungua mlango uso umevimba kwa usingizi, unga bado nyusini.

"Mzee, kama ni sufuria, leo sijaigusa."

"Ni kuku. Wamekufa wote. Na wewe uliapa."

"Niliapa, sikatai. Lakini babu yangu, mimi nikinyonga kuku nampika! Nani anaua kuku kumi na wawili akawaacha wakauke?"

"Ulirudi saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu. Dereva wa mikate alinishusha hapa hapa, kamuulize. Nikajilaza, nikakaza masikio nikingoja lile balaa la saa kumi na moja. Kimya! Nikasema labda barua yako imefanya kazi. Nimelala kama mtoto mchanga mpaka Mwalimu alipopiga yowe."

"Hukusikia jogoo hata mara moja?"

"Jogoo, mbwa, hakuna. Mzee, mimi jogoo yule namsikia hata ndotoni. Leo hakuwika."

Mkaguzi aliandika hilo, akapigia mstari. Barua yenyewe, aliyompelekea Mwalimu, aliikumbuka vizuri, maana aliiandika kwa hasira, amechoka na watu wote: jogoo akisikika tena kabla ya saa moja, banda litavunjwa.

Aliporudi uani kwa Mwalimu ilikuwa saa mbili na nusu. Fundi Saa alikuwa peke yake, akifagia pasipo taka.

"Shemeji, niambie ulichosikia."

"Saa kumi na moja na dakika tatu jogoo aliwika kama kawaida," Fundi Saa alisema haraka. "Nilitazama saa. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi nikasikia vurugu, mbwa anaunguruma. Nilipotoka, ameshakimbia."

"Kasoro dakika kumi barabara?"

"Saa yangu haikosei."

Mkaguzi alichuchumaa, akamnyanyua mtetea. Alikuwa amekakamaa kama kuni. Alipapasa jeraha la shingo: jekundu ndani, kavu nje. Akafukua mchanga kwa kidole, hapa na pale. Hakuna tone. Upanga wa kichwani, ambao kwa kuku mzima huwa mwekundu, ulikuwa na rangi ya bilinganya. Akatazama wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi na mbili. Kisha akatazama kamba ya nguo. Palianikwa turubai zito, linachuruzika maji, na kwenye pindo lake kulikuwa na unyoya uliogandamana na kinyesi.

Alirudi kwake, akakaa, akajikasirikia.

Saa nne kasoro dakika tano gari la bwana mifugo lilisimama nje. Bwana mifugo aliingia uani na kitanzi cha kamba mkononi. Mzee Lindo alisimama kwenye tundu la ukuta, upande wake. Mwokaji aliegemea lango, kanga begani.

"Ngoja kidogo," Mkaguzi alimwambia bwana mifugo. "Wewe mwenyewe mtazame huyu. Kuku aking'atwa akiwa hai, damu huenda wapi?"

Bwana mifugo aliinama, akageuza mzoga. "Hutapakaa. Hapa hakuna. Waliraruliwa shingo wakiwa wameshakufa. Na huu upanga... hawa walikosa hewa."

"Walikufa tangu usiku," Mkaguzi alisema. "Ndiyo maana Mwokaji hakusikia jogoo. Sasa shemeji, wewe uliyemsikia saa kumi na moja na dakika tatu, ulimsikia jogoo yupi?"

Fundi Saa alitupa jicho kwenye kamba ya nguo.

"Leo si siku yenu ya kufua. Turubai lile linafuliwa kwa nini, tena peke yake?"

Mwalimu aligeuka polepole. "Baba watoto?"

"Nilitaka asiwike," Fundi Saa alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Barua ilisema banda linavunjwa. Wewe ukasema hakuna wa kukuamuru kuhusu kuku wako. Ningekuambia tuwafunike, ungekubali? Nikafunika banda lote, nikabana pembe kwa matofali, ili wasione kunavyokucha. Joto lilikuwa kali. Saa kumi na mbili kasoro nikafunua..." Akaonyesha mizoga. "Nilizirarua shingo kwa koleo langu la kazini. Niliogopa, mke wangu."

"Uliniogopa mimi, ukamsingizia mbwa wa kipofu?"

"Mimi nilijua mbwa hana kauli."

Mkaguzi alitaka kupiga kelele. Miaka miwili, kurasa chungu nzima, na barua yake mwenyewe ndiyo iliyomtoa mtu kitandani na turubai.

"Barua ile ni yangu," alisema. "Ilikuwa ya kijinga. Lakini uongo ni wako, shemeji."

Bwana mifugo alikunja kamba. "Aliyelalamika ndiye anayefuta."

"Nimefuta," alisema Mwalimu, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. Akamsukuma mumewe begani. "Nenda. Si kupitia tunduni. Zunguka, ubishe mlangoni, umwambie kwa mdomo wako."

Fundi Saa alizunguka. Wote walimsikia akibisha, na mbwa akibweka kwa nguvu zake zote, na Mwokaji akiguna, "Basi tena, usingizi."

"Nani?" Mzee Lindo aliuliza, ingawa alikuwa amesikia kila neno.

"Ni mimi, jirani. Mimi ndiye nilimsingizia mbwa wako."

Mzee alimpapasa mbwa mpaka akaacha kubweka.

"Miaka miwili hamzungumzi nami, mnaniletea barua tu, na mimi barua sioni," alisema hatimaye. "Sukuma mlango. Leo uniombe msamaha umekaa."