Nani Alifungua Kitambaa Chekundu cha Shamba la Marakuja?

Nilimkuta mke wangu amepiga magoti chini ya marakuja, anapapasa udongo akitafuta ndoo iliyokuwa mbele yake kabisa.

Ndoo ilikuwa pale pale, jamani... Haioni!

"Mama Arnaud?"

"Papa Arnaud, macho inawaka."

Nilimbeba mgongoni hadi kwenye bidoni ya maji, nikamwosha uso. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Naitwa Anselme. Tunaishi Mutakura, hapa Bujumbura, na kazi yangu ni kupiga dawa ya ukungu kwenye shamba la marakuja, yaani pasheni, la patroni Révérien, huko milimani juu ya mji. Mke wangu Fabiola anachuma humo humo.

Marakuja yetu yamepandishwa juu ya nyaya, kwa hiyo mchumaji anafanya kazi kichwa juu. Ukigusa tawi lenye maji, yote yanakudondokea usoni. Ndiyo maana nikishapiga dawa nafunga kitambaa chekundu pale pa kuingilia, na hakuna anayepita mpaka nikifungue mimi mwenyewe.

Asubuhi ile nilikikuta kimefunguliwa, kimewekwa juu ya jiwe. Wanawake wote walikuwa ndani wanachuma.

Mnajua nilimfikiria nani? Patroni!

Siku iliyotangulia alinipigia simu. Kiwanda cha juisi cha Zone Industrielle kinataka mzigo mapema, lori linakuja kesho. Nikamwambia dawa bado mbichi, mtu akiingia ataumia. Akasema sawa, lori litasubiri.

Nilirudi nyumbani najiona kidume! Nikamsimulia Fabiola jinsi nilivyomgomea tajiri. Yeye aliuliza tu shoga yake Candide atawapa watoto nini, maana kwetu asiyechuma halipwi. Nikamwambia wavumilie. Usiku mvua ikanyesha.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi. Hospitalini daktari alisema jicho la kulia limekwenda, haliponi tena. Halafu hasira ikapanda, nikapanda nayo hadi Kiriri, kwenye jumba la patroni, nikagonga geti kama mwendawazimu.

Alitoka mwenyewe, ndala miguuni.

"Kitambaa ulifungua we," nikamwambia.

"Anselme, mi sijafika kwa shamba. Camion niliizuia. Wamama wamenipigia simu, enda uulize bibi yako."

Nilitaka kumrukia! Mke wangu amelala hospitali, na huyu anamsingizia?

Nikarudi. Fabiola alikuwa amefungwa bandeji macho yote mawili. Candide ameketi pembeni ya kitanda, hanitazami. Nikauliza nani alifungua kitambaa.

"Ni mi," Fabiola akasema.

Niliketi sakafuni, mbele za watu.

"Mvua ilinyesha, tulizani imeosha dawa," akaendelea. "Wale wamama walikuwa na njaa. Walisema, we ni bibi ya mutu wa dawa, ukiingia wa kwanza na sisi tutaingia."

"Na haukuniambia?"

"Ungekataza."

Kweli ningekataza. Mvua ile haikuosha kitu. Ililowesha dawa tu, ikaiacha ikining'inia kwenye majani, na aliyetangulia akayatikisa matawi akaipokea yote usoni. Waliomfuata walikuta majani yamekwisha kudondosha maji. Candide alipata muwasho wa mikono, basi.

Nilirudi kwa patroni, safari hii kwa adabu. Nikamwomba wanawake walipwe hata nusu kwa siku za kusubiri dawa ikauke. Akasema yeye hafanyi shamba la msaada. Halafu akaniuliza nitapiga dawa lini tena, maana ukungu umerudi.

Nikamjibu Jumatatu. Ndiyo, nimejibu hivyo, nitukaneni mkitaka. Dawa ya macho ya Fabiola hatupewi bure.

Jumatatu nilipiga, nikafunga kitambaa changu. Candide alisimama kando na ndoo yake. Hakunisalimia. Alikuwa anangoja niondoke, na mimi nililijua hilo, nikaondoka.

Nyie wenye mashamba, na nyie wasimamizi mnaojiona wema kama nilivyojiona mimi: kumwambia mwenye njaa asiingie si kumlinda. Mlipeni siku ya kusubiri. Msipomlipa ataingia, na mtu wa kwanza kuingia anaweza kuwa wa kwako.

Jicho la kushoto daktari anasema bado hajui.

Kila asubuhi Fabiola ananiuliza kama kumekucha.